Unakimbizwa na Nani?

Saa kumi na moja na dakika saba, ufunguo unaguna mlangoni.
Kombo kaingia, unga wa kiwandani umemganda nyusini,
viganja vina joto la mikate elfu sita.
Hatusemi kwa sauti. Ananipa ufunguo,
nami nampa nyumba:
Nasra hajageuka tangu usiku wa manane,
Idrisa kakohoa mara mbili,
uji uko jikoni, umefunikwa,
fomu ya safari ya makumbusho usiisahau tena.
Ananivisha glavu zake. Bado zina vidole vyake ndani.

Nje, Sheffield,
mji uliojengwa na mtu aliyechukia tambarare.
Lori la chumvi limeshapita,
limeukoleza mtaa kama mpishi mwenye wasiwasi.
Kilomita ya kwanza ni ugomvi, magoti yanauliza nani katutuma.
Ya pili nakumbuka sare sijazianua.
Ya tatu namjibu mwenye nyumba, kwa maneno
ambayo kwenye karatasi sitathubutu.
Ya nne sikumbuki kitu.
Ndiyo hiyo ninayoiamkia.

Kando ya mfereji yupo mzee na mbwa wake aliyevaa koti.
Ananiita kipenzi,
kama huku wanavyomwita kila mtu, hata dereva wa basi,
na kila siku, mjinga mimi, naongeza mwendo kidogo.

Mama alicheka simuni, kutoka Tanga, mpaka akapaliwa.
Unakimbizwa na nani huko?
Kisha, alipopata pumzi:
mbio za sakafuni, mwanangu, huishia ukingoni.

Sikumweleza habari ya Jumanne ile.
Idrisa alichemka homa, Kombo kashikwa na zamu ya ziada,
na mimi viatu nimeshavifunga.
Nikakimbia sakafuni hasa,
sebuleni hadi jikoni, jikoni hadi sebuleni,
mtoto mgongoni ndani ya kanga, anahema shingoni mwangu,
hadi ukingoni kweli, ukingoni mwa sinki,
alipotapika.
Asubuhi Nasra, mwenye daftari la mbio zangu,
akaandika kwenye karatasi ya friji: Jumanne, sifuri.
Nikafuta. Nikaandika: mbili na nusu.
Alinitazama kama karani wa benki.

Na zile thelathini na mbili za Jumamosi
hazikuingia popote, nimezipima kama kabati mlangoni.
Nikazikata. Ishirini kabla ya jua,
kumi na mbili jioni, nikizunguka maegesho ya bwawa la kuogelea,
mara arobaini na kitu, mlinzi akinihesabu kwa huruma,
huku ndani, nyuma ya kioo chenye ukungu,
Nasra anajifunza kuelea.

Utashinda? aliniuliza garini, nywele zinadondoka maji.
Nikamwambia tutakuwa elfu kumi na mbili.
Nikijitahidi, huenda niwe wa elfu tisa.
Akanyamaza taa mbili za barabarani.
Basi watu elfu tatu watakuwa nyuma yako.
Ndiyo.
Wote hao watakuwa wanakukimbiza.

Nitampigia Mama nimpe jibu.

Sasa saa moja kasoro dakika kumi na moja.
Kilima cha mwisho sikipandi, nakibembeleza.
Jasho limeganda kwenye ukingo wa ushungi,
kidole kimoja cha mguu sikisikii tangu darajani.
Dirisha la jikoni linawaka.

Kombo kasinzia kitini, kitana mkononi.
Nasra yuko sakafuni, katikati ya magoti ya baba yake,
kanyooka, hasogei, asije akamwamsha,
kichwa kimesukwa upande mmoja tu.
Ananionyesha saa ukutani kwa macho.
Dakika nne, nimechelewa.

Navua glavu. Nachukua kitana polepole
kutoka kwenye vidole vinavyonukia hamira.
Kina joto bado.
Naanza upande wa kushoto.